Nyaya zimejaa usoni mwa simba: je, ninunue lenzi kubwa?

Swali: Mwalimu, salaam. Nina kamera ya Canon niliyonunua mtumba pamoja na lenzi mbili, ile ndogo ya milimita 18-55 na ndefu ya milimita 55-250. Jumapili iliyopita niliwapeleka watoto kwenye makao ya wanyama yatima pale lango kuu la Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, barabara ya Lang'ata. Nilipiga picha zaidi ya mia mbili za simba, chui na duma. Nilipozifungua nyumbani nilivunjika moyo. Nyaya za wavu zimekatiza nyuso zao, rangi zimefifia kama kuna moshi, na simba karibu wote wamelala. Rafiki yangu anasema bila lenzi ya laki tatu nisijisumbue. Ni kweli? Nimekutumia nne uzione.
Msomaji, Kitengela

Jibu: Dada yangu, laki tatu zako ziache benki. Picha zako nne nimezitazama, na nimesoma pia zile namba ambazo kamera huzihifadhi ndani ya kila picha. Zote nne ulizipiga kwa f/11, namba inayoonyesha tundu la lenzi limebanwa likawa dogo. Mbili ulitumia lenzi ndogo. Saa ya kamera inaonyesha saa saba na dakika kumi mchana, na kwa jinsi wavu ulivyotokea mkali, ulikuwa umesimama mbali nao. Hapo ndipo penye shida. Lenzi yako ndefu ya 55-250 inatosha kabisa kwa kazi hii.

Tuanze na nyaya, maana ndizo zilizokuvunja moyo.

Wengi hudhani wavu hupotea kwenye picha kwa sababu lenzi kubwa "inaona mbali". Sivyo. Wavu hupotea pale tundu la lenzi linapokuwa pana kuliko waya. Fanya hesabu hii ndogo: chukua urefu wa lenzi, ugawanye kwa namba ya f. 250 ukigawanya kwa 5.6 unapata milimita 45 hivi, na huo ndio upana wa tundu linalopokea mwanga kutoka kwa simba. Waya wa wavu una unene wa milimita 3, wakati mwingine 4. Ukiwa umeukaribia sana, waya huo unaziba sehemu ndogo tu ya tundu. Mwanga wa uso wa simba unapita kulia na kushoto kwake, halafu unakutana tena ndani ya kamera, na waya haupati nafasi ya kujichora. Kazi yake inabaki kuipunguzia picha mwanga kidogo.

Sasa turudi kwenye picha yako ya pili, urefu 55 na f/11. Gawanya. Tundu lilikuwa milimita 5 tu! Waya wa milimita 3 mbele ya tundu la milimita 5 ni nguzo iliyosimamishwa mbele ya kidirisha. Hata ungekuwa na kamera ya bei ya gari, waya huo ungeonekana.

Kwa hiyo ukirudi Lang'ata, vaa lenzi ndefu na uivute mpaka mwisho, 250. Zungusha kitufe cha juu mpaka kwenye Av, modi inayokuachia wewe uchague namba ya f, kisha gurudumu dogo mpaka namba ya f igome kushuka zaidi. Itagoma kwenye 5.6. Iache hapo kutwa nzima. Wapiga picha wa harusi na wa mandhari watakwambia f/11 ndiyo yenye ukali, na kwa kazi zao wanasema kweli, ila wao hawapigi kupitia wavu.

Jambo la pili ni umbali, na una pande mbili. Wewe uwe karibu na wavu, na mnyama awe mbali nao. Watu huushika upande wa kwanza wakausahau wa pili. Simba aliyejilaza amebana mgongo kwenye wavu hapigiki hata ufanyeje, kwa sababu yeye na waya wako mahali pamoja, na fokasi ikimpata yeye imeupata na waya. Msubiri aondoke. Kanuni niliyojiwekea mwenyewe ni kwamba umbali wa mnyama kutoka kwenye wavu uwe angalau mara tatu ya umbali wangu. Mara nyingi kuna reli inayokuzuia mita moja au moja na nusu kabla ya wavu. Kwa hiyo ngoja mpaka mnyama awe mita nne au tano ndani, ndipo ubonyeze. Kilichobaki cha wavu kitakuwa milia hafifu ambayo mtazamaji wa kawaida haioni.

Na reli hiyo, dada, usiivuke, wala usinyooshe mkono na kamera kuufikia wavu, hata kama mtunza wanyama amegeuka na hata kama mnyama anaonekana mpole. Chui hupitisha kucha kwenye tundu la wavu kwa kasi ambayo jicho halifuati. Ulikuwa na watoto, na watoto huiga wanachokiona.

Ule "moshi" uliosema unatokana na jua kuangukia nyaya. Waya mweupe wa mabati ukipigwa na jua hung'aa, na mng'ao ule unatawanyika juu ya picha nzima hata kama waya wenyewe haujionyeshi. Kabla hujapiga, tembea kando ya kizimba utafute pale ambapo wavu una kivuli cha mti au cha paa. Usipopata, tengeneza kivuli mwenyewe. Mimi hubeba leso nyeusi kwenye mfuko wa kamera, nikamwomba aliye nami aishike juu, mkono wake ukiwa upande wetu wa reli, ili kivuli chake kiangukie kipande cha wavu kilicho mbele ya lenzi. Mtoto wa miaka kumi anaiweza kazi hiyo na ataifurahia. Picha ikibaki na ukungu kidogo, ongeza utofauti wa mwanga na ushushe weusi kwenye programu ya kuhariri, hata ile ya bure ya simu. Ukipiga kwa faili ghafi, zile zinazoandikwa RAW kwenye menyu, utakuwa na nafasi kubwa zaidi ya kurekebisha.

Flashi ifunge. Itaugonga wavu kwanza kabla ya kumfikia simba, kwa hiyo utapata picha nzuri ya wavu. Nyuma ya macho ya paka wote hawa, wakubwa kwa wadogo, kuna tabaka linalorudisha mwanga ili waone usiku, na flashi inageuza macho yao kuwa taa mbili za kijani. Tena mnyama amefungiwa na hana pa kukimbilia. Kwenye modi ya otomatiki kamera yako huinua flashi yenyewe, lakini ukiwa kwenye Av haiinuki mpaka uiinue wewe.

Fokasi nayo itakusumbua, maana kamera hupenda kushika kilicho karibu, yaani waya. Zima zile nukta nyingi za fokasi na ubaki na moja ya katikati. Ielekeze kwenye jicho kupitia tundu la wavu. Ikiendelea kushika waya, sogeza swichi ya pembeni mwa lenzi mpaka MF, yaani fokasi ya mkono, uzungushe pete kwa mkono mpaka uone manyoya ya kope yamekaa sawa. Inachosha siku ya kwanza, lakini kufikia ya tatu utakuwa umezoea.

Na ikiwa mmoja wa watoto ana simu, mwonyeshe hivi. Kijicho cha kamera ya simu ni kidogo kuliko tundu la wavu, basi pale ambapo hakuna reli na wahudumu wanaruhusu watu kuugusa wavu, kama kwa ndege na wanyama wapole, akiweka kijicho hicho katikati ya tundu wavu unatoka kabisa kwenye picha. Kwa simba na chui asijaribu. Abaki nyuma ya reli.

Sasa mwanga. Nairobi iko nyuzi moja na kidogo tu kusini mwa ikweta, na jua letu halina subira. Linachomoza karibu saa kumi na mbili na nusu, na ikifika saa nne liko juu, linakata. Saa saba, ulipopiga wewe, paji la uso wa simba linamwekea kivuli machoni, macho yanakuwa mashimo mawili meusi, na mgongo unawaka mweupe. Nenda lango linapofunguliwa, au kaa mpaka baada ya saa kumi jioni. Au nenda Julai. Watu wa Nairobi hulalamikia Julai kwa baridi na yale mawingu mazito yanayokaa siku nzima, lakini kwa picha za nyuso hakuna mwezi ninaoupenda kama huo. Wingu linausambaza mwanga, wavu haung'ai, kivuli cha paji kinayeyuka, na rangi ya kaharabu ya jicho la simba inatoka yote. Hapo ukikuza picha utaona mboni yake ni duara kama ya binadamu. Paka wako wa nyumbani mboni yake husinyaa ikawa mstari, ya simba hubaki duara.

Mawingu yatapunguza mwanga, kwa hiyo pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, mpaka 800 au 1600 bila hofu, ili kasi ya shata, lile pazia la ndani ya kamera, isishuke chini ya sekunde 1/500. Lenzi yako kwa 250 juu ya kamera yenye kihisi kidogo kama yako huona kama lenzi ya 400, na mtikisiko wa mkono hukuzwa kwa kiasi hicho hicho. Picha yenye chengachenga inatazamika. Iliyotikisika ni ya kufuta.

Nakuja kwenye simba kulala, na hapa naomba unisikilize kwa makini kuliko kwenye hesabu zote za juu. Simba hulala au kujinyoosha hadi saa 20 kwa siku, awe Lang'ata au awe Serengeti. Wewe ulipiga picha mia mbili za wanyama watatu kwa ziara moja, maana yake ulikuwa unatembea. Mtu anayetembea kutoka kizimba hadi kizimba atawakuta wamelala na atawaacha wamelala. Chagua mnyama mmoja na ukae.

Nikupe mfano. Julai moja nilikaa mbele ya simba jike tangu saa nane mchana. Alikuwa amelala ubavu, mita sita hivi kutoka kwenye wavu, nzi wakimtembea kwenye kope na yeye hajali. Familia zilikuja, zikamwita, zikapiga miluzi, zikaondoka. Baada ya saa moja na zaidi niliona sikio lake la kushoto limegeuka peke yake, likaelekea nyuma ya jengo. Kichwa hakikutikisika. Mimi sikusikia kitu. Sikio likabaki hapo, kisha na la pili likafuata, na muda kidogo baadaye ndipo nikasikia gurudumu la toroli likilia kwenye changarawe. Mtunza wanyama alikuwa anakuja. Simba akainua kichwa, akafumba macho, akapiga mwayo. Nikaukosa, kidole kilikuwa kimelegea kwa kungoja. Lakini simba anayeamka hapigi mwayo mmoja. Nilikaza jicho kwenye kioo, nukta ya fokasi juu ya jicho lake, shata kwenye 1/640, na sekunde chache baadaye ukaja wa pili, ulimi umekunjika, meno yote nje, sharubu zimesimama mbele. Huo niliupata. Wa tatu nao niliupata, kisha akasimama akajinyoosha, miguu ya mbele imelala chini na kiuno juu, kama paka wa jikoni.

Kwa hiyo tazama masikio. Huamka kabla ya macho. Na muulize mtunza wanyama, kwa adabu, wanyama huwa wanachangamka saa ngapi. Hawa ni watu wanaomjua kila mnyama kwa tabia zake, na wengi wao hufurahi kuulizwa kitu kingine tofauti na "huyu anakula watu?"

Usiwaite wala kuwapigia miluzi, na ukiona mtu anagonga mwambie taratibu aache. Simba anayegeuka kwa sababu ya kelele hugeuka na uso wa bughudha, masikio yamelazwa, na picha itaonyesha hivyo.

Picha ya mwayo usiiite "simba akinguruma". Naiona hii kila wiki na inaniuma, kwa sababu mtoto anayeiona anafundishwa kisicho kweli. Vivyo hivyo dume aliyekunja mdomo wa juu na kukunja pua hajakasirika. Amenusa mkojo wa jike na anaivuta harufu ile hadi kwenye kiungo kilicho juu ya kinywa, ajue kama jike yuko tayari. Andika hivyo. Ni habari tamu kuliko hasira ya kubuni.

Ukishapata uso mzima, jaribu kupata na ubavu wa uso, kulia na kushoto, ukiwa na ukali wa kutosha kuona vidoa vyeusi pale sharubu zinapoota. Mpangilio wa vidoa hivyo hutofautiana simba kwa simba, na hata kulia hutofautiana na kushoto. Mwaka 1970 watafiti C. J. Pennycuick na Judith Rudnai walichapisha njia ya kumtambua simba mmoja mmoja kwa kuangalia vidoa hivyo, na Rudnai alikuwa akiwachunguza simba wa mbuga hii hii ya Nairobi, iliyo nyuma ya wavu unaoulalamikia. Watafiti wanaitumia hadi leo. Picha yako ikionyesha vidoa vile vizuri, ujue fokasi na kasi ulizipata sawasawa. Mimi huwapimia wanafunzi wangu hapo.

Duma atakuwa rahisi kwako kuliko simba, maana kwa asili yake huwinda mchana na mara nyingi utamkuta macho. Piga ile mistari miwili ya machozi kutoka kwenye jicho hadi mdomoni, na chuchumaa uwe sawa na macho yake. Kuchuchumaa kunasaidia kwa wote. Ukipiga ukiwa umesimama, nyuma ya mnyama kunakuwa na ardhi, bakuli la maji na mfereji. Ukishuka, kunakuwa na majani. Hatua moja kushoto au kulia huondoa ukuta wa saruji ambao hukuuona kwa sababu ulikuwa unamtazama mnyama.

Chui ana kazi. Hupenda kivuli, na madoa yake yanamficha kwenye mwanga wa matawi kama vile ambavyo yangemficha porini. Kamera ikiona giza jingi hujaribu kulipa mwanga, na uso wa chui unaungua. Shusha mwanga hatua moja, yaani ile mizani ya namba isogee kwenye -1, uache giza libaki giza.

Kuna jambo moja zito ambalo nakuomba uliangalie. Utamwona mnyama, mara nyingi chui au simba, akitembea mstari ule ule kando ya wavu, akifika pembeni anageuka kwa mguu ule ule, na anarudi. Kwa mpiga picha ni rahisi, unajua atapita wapi. Lakini huko siko kuwinda wala siko kucheza. Mwaka 2003 Ros Clubb na Georgia Mason wa Chuo Kikuu cha Oxford walionyesha kwenye jarida la Nature kwamba wanyama walao nyama ambao porini huzunguka eneo kubwa ndio wanaotembea hivi zaidi wakifungiwa, na watoto wao hufa zaidi. Hapo Lang'ata wengi wa wanyama waliingia kwa sababu walipoteza mama zao au walijeruhiwa. Ukimpiga picha mnyama akitembea hivyo, ipige pamoja na wavu, uonekane. Usiziondoe nyaya kwenye picha hiyo.

Wasomaji walioko Ulaya, Marekani na Ghuba wataniuliza kuhusu vioo, maana huko vizimba vingi vya simba na simbamarara vina kioo badala ya wavu. Kwa ufupi, vaa nguo nyeusi, futa kioo kwa kitambaa, bandika mdomo wa lenzi kwenye kioo ukiwa na hudi ya mpira, ile kofia inayovikwa mdomo wa lenzi, na upige moja kwa moja bila kuegemea upande. Ukipiga kimshazari kwenye kioo kinene, picha hulegea ukali. Mwanga wa nyuma yako ndio unaojirudisha kama kivuli cha mtu kwenye picha, kwa hiyo uzibe kwa mwili au kwa koti.

Ukirudi, nenda Jumatano au Alhamisi kama kazi inaruhusu, wakati watu ni wachache. Jirani na makao hayo kuna ile njia ya mbao iliyoinuliwa ya Nairobi Safari Walk, na pale unaweza kupata mnyama akiwa kwenye nyasi bila kitu mbele yake, ingawa utakuwa juu yake na utaukosa ule usawa wa macho. Anza na makao ya yatima asubuhi, mnyama mmoja kwa saa mbili, kisha njia ya mbao jioni.

Na chini ya kila picha utakayoionyesha watu, andika mahali ulipoipigia. "Simba jike, makao ya wanyama yatima, Nairobi, Julai" inatosha. Kama utamjua kwa jina analoitwa na watunzaji wake, weka na jina. Kisha nitumie moja ya mwayo wa pili.